Nembo yako, ndege wako: maswali ninayoulizwa kila mara Bagamoyo

Nina meza, kompyuta na printa moja katika chumba cha mbele, hatua chache kutoka kwenye nyumba za milango ya nakshi za Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Wateja wangu ni waongoza watalii, wasusi, mafundi cherehani, wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, wauza chumvi, na mara mojamoja mtu aliyerudi kutoka ng'ambo anayetaka "kitu cha kwetu". Sijui ni kwa nini, lakini wengi wao huja na ndege kichwani. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi. Nimeyapa namba ili nisilazimike kurudia jibu moja mara tatu.

## Mwanzo kabisa

1. Nembo binafsi ni nini? Mimi ni mtu mmoja, sina kampuni.

Ni alama inayokusimamia pale ambapo wewe hupo: kwenye kadi, kwenye lebo ya gauni ulilolishona, kwenye picha ya WhatsApp, kwenye ubavu wa ngalawa. Nenda ufukweni asubuhi umuulize mvuvi yeyote. Anaijua ngalawa ya mwenzake kwa kiraka cha tanga tu, kabla hajaona uso wa mtu. Kiraka kile kinafanya kazi ya nembo, ila mwenyewe hakukilipia fundi wa kompyuta.

2. Logo na nembo ni kitu kimoja?

Kwa kazi zetu, ndiyo. Mteja akisema logo namwelewa, akisema nembo namwelewa. "Nembo" husikika nzito kidogo, kwa sababu ya nembo ya taifa (swali la 25).

3. Kwa nini ndege na si simba, mnazi au jahazi?

Mnazi na jahazi viko kwenye kila fulana ya watalii, kwa hiyo havikutofautishi na mtu. Ndege ana faida mbili. Ya kwanza ni ya macho: ndege hutambulika kwa kivuli chake. Mchore wote mweusi, bila jicho wala unyoya, na mtoto bado atakwambia huyu ni jogoo. Ya pili ni ya lugha. Tumewapa ndege kazi kubwa katika methali: kanga hazai ugenini, kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, jogoo la shamba haliwiki mjini. Mtu akimwona ndege kwenye bango lako, nusu ya maneno tayari anayo kichwani.

Ila hiyo nusu hukuiandika wewe. Mengi ya maswali yanayofuata yanatokana na hapo.

4. Lazima nijue kuchora?

Hapana. Lazima ujue kumwangalia ndege wako. Kuchora ni kazi yangu.

## Kuchagua ndege

5. Nimchagueje?

Watu huniletea picha waliyoipata kwenye simu: tai wa Marekani aliyekunja uso, au ndege wa moto asiyekuwepo duniani. Nawauliza swali moja tu: umemwona wapi? Kama jibu ni "kwenye simu", tunaanza upya.

Alikuja mzee mmoja, nahodha, anataka alama ya kuchora kwenye boti la mwanawe. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nichoree tai." Tai yupi? Akanielezea: kichwa cheupe mpaka kifuani, tumbo la rangi ya kutu, mbawa nyeusi, anakaa kwenye miti ya mdomo wa mto Ruvu, na akilia anarusha kichwa nyuma. "Huyo si kwazi, mzee?" Akacheka. "Ndiye huyohuyo, lakini nikisema kwazi nyie vijana hamjui." Basi tulichora kile kichwa kilichorushwa nyuma, mdomo wazi. Huwezi kumchanganya na tai wa mtu mwingine, kwa sababu mzee alinipa tendo pamoja na umbo.

Kwa hiyo njoo na mambo matatu: ndege uliyemwona kwa macho yako, kitu anachokifanya, na jinsi mtaa wako unavyomsema. La tatu ndilo linalosahaulika.

6. Ndege gani wana maana gani kwa watu wa pwani?

Hakuna orodha rasmi, na anayekuuzia orodha rasmi anakuuzia hewa. Nitakwambia yale ninayoyasikia dirishani kwangu.

Njiwa ni amani, kwa Mkristo na kwa Muislamu pia, na kwa sababu hiyohiyo amechakaa. Ukimtaka njiwa, mpe kazi nyingine zaidi ya kubeba jani. Jogoo ni mwamshaji, mtu wa kuwahi, lakini ana siasa zake: yumo kwenye nembo ya Kenya akishika shoka, na ni alama ya chama cha KANU cha hukohuko. Tausi ni urembo na majivuno kwa pamoja. Msusi mmoja alimtaka, nikamwambia wateja wataogopa bei kabla hawajaingia. Kasuku husema asichokielewa. Chiriku husema tu. Mwewe ni mwizi wa vifaranga, usimweke kwenye duka la kukopesha fedha.

Mbayuwayu nampenda kwa watu wa safari. Aina moja ya mbayuwayu hutoka Ulaya na Asia, hufika kwetu kuanzia Septemba na Oktoba, na kufikia Aprili wengi wamekwisha ondoka. Mkia wake wa panda ni mistari miwili tu, na hata mhunzi anaweza kuukata kwenye bati.

Anayesahaulika kuliko wote ni hudihudi. Katika Qurani, Sura ya An-Naml, ndiye aliyemletea Nabii Suleiman habari za Saba. Ana kishungi kinachofunguka kama pepeo, kila unyoya una ncha nyeusi, na mdomo mrefu uliopinda. Anaishi hapahapa Tanzania, wengi wanamwona akichokoa ardhi bila kumjua jina. Kwa mwandishi wa habari, mkalimani au mwongoza watalii sijaona ndege anayemzidi.

7. Bundi si ndege wa hekima?

Kwa Wagiriki wa kale, ndiyo. Mtaani kwetu, bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Hili najua kwa gharama yangu. Miaka ya mwanzo nilimchorea kijana mmoja aliyefungua darasa la masomo ya jioni. Alitaka bundi mwenye miwani na kofia ya mahafali, nami nikachora, tena kwa fahari. Bango lilikaa siku nne. Mama wa kwanza alisoma ada, akatazama juu, akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Wa pili aliuliza kabisa, "Hapa mnafundisha nini?" Kijana aliliteremsha usiku, nami nikamchorea kalamu bila malipo.

Kama wateja wako wako ng'ambo, bundi atafanya kazi. Kama wako hapa, achana naye.

8. Na kunguru? Ndiye ndege ninayemwona kila siku.

Ni kweli, na kanuni ya swali la 5 inakuruhusu. Ila ujue historia yake: yule mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asafishe taka, akazaliana, akavuka bahari, na leo anaharibu viota vya ndege wengine. Nina mteja mmoja tu wa kunguru, mkusanya plastiki ufukweni, na kwake imekaa sawasawa. "Mimi pia naokota taka," alisema, na alama ikamalizika mchana uleule.

9. Jina la ndege lina uzito, au sura peke yake?

Lina uzito sana, hasa kama jina litaandikwa. "Tai" husomwa pia kama ile ya kufunga shingoni na shati. "Kanga" ni nguo kabla ya kuwa ndege. Na chozi, kale kandege kadogo kanakofyonza maua, ni kazuri mno kwenye duara, lakini dada mmoja alitaka kuandika "Chozi" kwa herufi kubwa juu ya saluni ya maharusi. Bibi harusi gani ataingia kwenye chozi? Tulimbakiza ndege, tukaondoa jina.

10. Mimi ni wa Tanga. Hawa ndege wa Bagamoyo wananihusu?

Pwani ni moja na wengi wao unao. Lakini mtu wa Tanga ana bahati ya milima. Kuna chozi wa Amani, aliyepewa jina la Amani ya Usambara Mashariki, na kuna mnana wa Usambara. Mnana, yule msuka viota, ni hazina kwa fundi yeyote wa mikono: mshona nguo, msuka ukili, fundi wa vikapu. Usimchore ndege, chora kiota kinachoning'inia, na ndege awe kichwa tu kinachochungulia kutoka chini.

11. Namtaka korongo mwenye taji.

Ni mzuri, lakini yeye ni ndege wa taifa la Uganda na yuko katikati ya bendera yao. Hakuna atakayekukamata, ila utakuwa unaulizwa kila siku kama wewe ni Mganda. Kwazi naye yumo kwenye bendera ya Zambia, lakini kule anaruka kwa mbawa zilizonyooka. Ukimchora ametulia au analia, kama yule wa mzee wa swali la 5, watu hawamchanganyi.

## Urithi

12. Nikitaka mapambo ya asili ya Bagamoyo nianzie wapi?

Anza na milango, kwa miguu, saa kumi jioni jua likiwa limelala, maana nakshi huonekana kwa kivuli. Tazama sehemu zake: kizingiti cha juu, miimo ya pembeni, na mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Mfaa ni mwembamba na mrefu, na umenifundisha kupanga nembo za wima kuliko kitabu chochote. Waongoza watalii watakwambia samaki ni uzazi, mtende ni neema, mnyororo ni ulinzi. Yachukue kama hadithi nzuri, usiyaandike kwenye tovuti yako kama ushahidi wa mahakamani.

Kisha nenda Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Kuna magofu ya misikiti, wa kale zaidi ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya nguzo. Makaburi ya namna hiyo hapa pwani yalikuwa yakipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Shimo la duara ndani ya nguzo ya mawe ni fremu tayari kwa ndege. Nimeitumia mara mbili, na ya tatu itakuja. Piga picha, usiguse chokaa.

Na ukiwa umechoka kutembea, fungua sanduku la bibi yako. Swali linalofuata.

13. Kanga inaweza kuwa nembo?

Kanga tayari ina mpangilio wa nembo: pindo linazunguka, mji uko katikati, jina liko chini. Weka ndege kwenye mji, maneno yako kwenye jina, na mtu yeyote wa pwani atajua wapi aanze kusoma. Na ndege wa kufaa zaidi hapo ni kanga mwenyewe, kwani maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba nguo ilipata jina lake, mwishoni mwa karne ya 19, kutokana na madoa meupe kama ya manyoya ya ndege yule.

Tatizo la kanga ndege ni kwamba ana mwili kama gunia. Uzuri wake uko mahali pawili: kichwa kitupu chenye pembe ya mfupa juu, na yale madoa. Nilichora kichwa pekee mara nyingi kikafanana na bata mzinga. Mwishowe niliacha kichwa, nikachora mgongo tu uliopinda, mweusi, na madoa tisa yanayopungua ukubwa kuelekea mkiani. Binti niliyemchorea anauza kanga Dar es Salaam lakini ni wa hapa, Kaole. Chini tuliandika "Hazai ugenini". Wateja wake hucheka, halafu wananunua.

Usichukue jina la kanga ya kiwanda neno kwa neno pamoja na mapambo yake. Methali ni ya wote, mchoro ni wa aliyeuchora (swali la 23).

14. Naweza kutumia mnyororo, kwa sababu ya historia ya Bagamoyo?

Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 ilipokea watu waliokombolewa utumwani, na vizazi vyao bado tuko nao. Kwa kazi ya kumbukumbu, makumbusho, maigizo, nitachora na tutazungumza kirefu kwanza. Kwa lebo ya sabuni au jina la baa, sichori. Mnyororo uliokatika wenye ndege anayeruka ndilo ombi la kawaida kuliko yote ninayopata kutoka kwa wageni, na karibu mara zote nawaomba wamwache ndege peke yake.

15. Mwana hiti je?

Kile kisanamu cha mti cha Wazaramo na Wakwere, mwili kama mche usio na mikono, kichwa chenye kishungi cha nywele, kina umbo la kisasa kuliko vingi ninavyoviona kwenye majarida. Ndiyo maana kila mbunifu anakitamani. Lakini ni cha mwali, cha ndani. Kabla hujakiweka kwenye kikombe, kaa na makungwi wa ukoo wako uwasikilize. Wakikubali, waulize pia kipande gani kisionyeshwe. Kama huna ukoo wa kuuliza, umekwisha jibiwa.

16. Si mwenyeji wa pwani. Nina haki ya kutumia vitu hivi?

Ndege ni wa kila mtu. Mlango unaouona barabarani, jifunze mdundo wake, usinakili nakshi nzima ya nyumba ya mtu. Ngoma na jando na unyago, rudi swali la 15. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 nayo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, hasa zikitumika kibiashara nje ya mazingira yake.

17. Mimi ni Muislamu. Kuchora kiumbe hai si tatizo?

Ni swali la haki na sina elimu ya kulitolea fatwa. Muulize sheikh wako, kwa sababu nimesikia majibu tofauti kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Nakueleza tu kazi zilizowatosheleza wateja waliotaka kujiepusha: unyoya mmoja, ubawa uliogeuzwa kuwa jani, kama nakshi za milango zinavyopenda majani na maua, unyayo wa ndege kwenye mchanga, kiota, au kishungi cha hudihudi peke yake kama pepeo. Mara nyingi hizi hutoka nzuri kuliko ndege mzima.

## Mezani

18. Kazi yenyewe inaendaje?

Nitaeleza moja. Mama mmoja muuza chumvi alitaka yangeyange, kwa sababu ndiye anayemkuta kila alfajiri kwenye mabwawa ya chumvi. Tulikwenda wote, saa kumi na mbili, tope hadi vifundoni. Yangeyange husimama kimya kama mtu aliyesahau alichofuata. Halafu shingo inarudi nyuma polepole, inatulia, na mdomo unashuka kabla hujapepesa. Nilichora kwa peni ya mpira kwenye daftari la shule, kurasa kumi na moja, kila mchoro hauzidi dakika moja. Nikirefusha muda naanza kuchora manyoya, na manyoya ndiyo adui.

Nyumbani nilichagua ile shingo iliyorudi nyuma. Mchoro wa kwanza ulikuwa na mistari kama arobaini. Nikaondoa vidole, jicho, mkunjo wa ubawa, mguu mmoja. Ilibaki mistari saba: shingo, mgongo, tumbo, mdomo, mguu, na miwili ya maji. Nikaichapa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, nikaibandika mlangoni, nikarudi nyuma hatua kumi. Kisichoonekana kutoka hapo hakina haki ya kuwepo.

Huwa nampa mteja michoro miwili, si kumi. Akipewa kumi anachagua mguu wa huu na kichwa cha ule.

19. Rangi ngapi?

Anza na nyeusi tupu. Siku moja nembo yako itapita kwenye mashine ya fotokopi iliyochoka, na hapo rangi haikusaidii. Ikisimama kwa nyeusi, ongeza moja, kwa shida mbili. Nyekundu, nyeusi na nyeupe ya kisutu ni mpangilio ambao macho ya pwani yameuzoea kwenye harusi, na huonekana vizuri kwa mbali. Bluu nzito ya kaniki, kahawia ya magamba ya mkoko na manjano ya shaba ya misumari ya milangoni navyo vinapatana.

20. Watu hukosea nini zaidi kwenye umbo la ndege?

Shingo na vidole. Yangeyange na jamaa zake wakiruka hukunja shingo; korongo huinyoosha mbele. Ukimchora yangeyange anaruka na shingo iliyonyooka, mvuvi atakucheka. Ndege wengi wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Kasuku ana viwili na viwili. Huenda ukadhani hakuna anayehesabu. Mjini kwetu wapo, na hao ndio wateja wako.

21. Naweza kupata mtindo wa Tingatinga?

Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta juu ya ubao laini, na ndege wamejaa katika kazi za shule yake. Ni mtindo wa picha, unapendeza kwa kujaa. Nembo hupendeza kwa kupungua. Ukiutaka mno, tumia kitu kimoja kutoka humo, kwa mfano jicho kubwa la duara, na mengine yaache ukutani.

22. Si bora niitumie akili mnemba? Ni bure.

Kwa kupata mawazo, itumie, sina kinyongo. Lakini niliyoletewa mpaka leo yana mambo matatu. Ndege ni mchanganyiko: mwili wa korongo, taji ya tausi, miguu ya bata. Picha ni ya vitone, si ya mistari, kwa hiyo haikuzwi (swali la 26). Na mwenzako akiandika maneno yaleyale anaweza kupata kinachofanana na chako. Kwazi wa mzee nahodha hangepatikana hivyo, kwa sababu hakuna aliyeiambia mashine kwamba akilia anarusha kichwa nyuma.

## Haki na usajili

23. Nembo ni mali ya nani, yangu au ya fundi?

Iandikeni. Karatasi moja: nani amechora, nani amelipa, na kwamba haki za kuitumia na kuibadilisha zinahamia kwa mteja baada ya malipo ya mwisho. Pasipo karatasi, mchoraji ana hoja ya kusema yeye ndiye mtunzi, kwa sababu hakimiliki huanza pale kazi inapochorwa, haingoji kusajiliwa. Tanzania hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi wa kushika mkononi.

24. Na BRELA? Ni kitu kilekile?

Sicho. COSOTA ni kwa ajili ya mchoro kama sanaa. BRELA husajili alama ya biashara na huduma, chini ya sheria ya mwaka 1986, ili mwingine asiuze bidhaa kama yako kwa alama inayofanana. Unachagua daraja la bidhaa au huduma. Madaraja ya kimataifa ni 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Fanya utafutaji kabla ya kulipia mabango. Nasema *kabla*, kwa sababu nimechora nembo moja mara mbili kwa uvivu huo, na ya pili nililipia mimi.

Unauza pia Unguja? Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, BPRA. Usajili wa Bara hauvuki maji.

25. Naweza kuweka nembo ya taifa au kipande chake pembeni ya ndege wangu?

Hapana, si bila kibali. Alama za taifa zina sheria yake.

## Faili na uchapishaji

26. Nidai faili gani kwa fundi wangu?

SVG au PDF ya mistari, ambayo hukuzwa mpaka ukubwa wa ukuta bila kuvunjika, na PNG isiyo na mandhari ya nyuma kwa simu. JPG peke yake isikubalike. Ndiyo inayoleta lile boksi jeupe juu ya fulana nyeusi. Wachapaji wengi wa hapa wanatumia CorelDRAW, basi waulize toleo lao kabla hujawapelekea. Wewe mwenyewe unaweza kufungua SVG kwa Inkscape, ambayo ni bure. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, si kama picha, la sivyo itabanwa ubora.

Na usishangae rangi ikipoa ikichapwa. Skrini hung'aa kwa mwanga, karatasi haina taa ndani yake.

27. Muhuri na kudarizi?

Muhuri wa duara wa milimita 40 haubebi ndege, jina, simu na methali. Chagua viwili. Kwa darizi, mstari mwembamba kuliko milimita moja hupotea ndani ya uzi. Ndiyo sababu nyingine ya mistari saba.

28. Nataka jina langu kwa herufi za Kiarabu chini ya ndege.

Ni urithi wetu, Kiswahili kiliandikwa hivyo karne nyingi. Lakini baadhi ya programu za kuchora hazijui kuandika kutoka kulia, zinaziachanisha herufi na kuzipanga kinyume. Nimeona bango lililokaa miezi likiwa na jina la marehemu baba wa mtu limesomeka ovyo. Mtafute anayesoma, akae kando yako, akague mpaka faili la mwisho, baada ya mchapaji kulifungua kwenye mashine yake.

## Mambo yanayojitokeza baadaye

29. Jirani yangu naye amechora ndege yuleyule.

Ndege hana hati miliki, mchoro ndio unao. Kama kazi zenu ni tofauti, salimianeni tu. Kama ni biashara moja na michoro inafanana, rudi swali la 24, lakini nenda kwanza ukazungumze naye. Mara nyingi utakuta mlitumia steshenari moja.

30. Nembo imekamilika, lakini watu wanaiona kitu kingine. Nifanye nini?

Rudi kwa yule mama wa chumvi. Mchoro wa mistari saba ulikuwa mzuri kwenye karatasi ndefu. Mwezi uliofuata alitaka wa duara, wa kubandika kwenye mifuko, nikafupisha shingo ili iingie. Nilifupisha sana. Kwenye mfuko wa kwanza kutoka kiwandani, mteja akamwuliza, "Mama, hii chumvi ya bata?"

Nilimwomba radhi nikamwambia nitachora upya bure, na nilichora: shingo ndefu, inatoka nje ya duara kwa juu, na hiyo ndiyo niliyopaswa kuifanya mwanzo. Akaitazama, akaitazama ile ya zamani. Mifuko ilikuwa imekwisha kuuzwa nusu. Akachukua zote mbili. Ya shingo ndefu iko kwenye kibao cha mlangoni, ya zamani imebaki kwenye mifuko. Na bodaboda wakimwelekeza mgeni hawasemi mtaa wala jina lake, wanasema nyoosha moja kwa moja, ukimaliza mikoko, kwa Mama Bata.